Macau niliyoiona: jiji linaloishi kwa kamari huku likiwawekea uzio watu wake

Msafiri wa Kariakoo (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu.

Humu jamvini kuna nyuzi nyingi za wenzetu wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo, zikieleza masoko, viwanda, mawakala wa makontena na bei za vitambaa. Macau, mji wa pwani ya kusini mwa China wenye serikali yake ya ndani, ambao uko jirani kabisa na njia hiyo, hutajwa kwa sentensi moja au mbili, na mara nyingi kwa kuitwa Las Vegas ya Asia, yaani kwa kufananishwa na jiji la kamari la Marekani. Nilipomaliza shughuli zangu katika maonyesho ya biashara ya Canton, huko Guangzhou, nilishuka hadi huko, na niliyoyaona yamenifanya niamini kwamba jina hilo linapotosha. Naomba nieleze kwa kirefu.

Kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini, treni ya kasi hufika Zhuhai kwa muda wa saa moja na kidogo. Stesheni ya Zhuhai imepakana na forodha ya Gongbei, kwa hiyo mtu hutembea kwa miguu hadi mpakani, akakaguliwa upande wa China bara, akapita ukumbi mrefu uliojaa watu wenye mabegi ya magurudumu, kisha akakaguliwa tena upande wa Macau. Nje ya lango yamepangwa mabasi ya hoteli za kasino, ambayo hayatozi nauli. Mgeni hajaona kanisa wala hekalu, hajaona hata bahari, lakini usafiri wa kumpeleka mezani uko tayari unamngoja.

Macau yote ina kilomita za mraba 33 hivi, na ndani yake wanaishi watu wapatao 680,000. Unguja peke yake inaizidi kwa ukubwa karibu mara 50. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni bahari iliyofukiwa. Eneo la Cotai, ambako ziko hoteli kubwa kuliko zote, lilikuwa maji yaliyotenganisha visiwa vya Taipa na Coloane. Katika nafasi hiyo finyu, mapato ya kasino yalifikia pataka (fedha ya huko) bilioni 360 mwaka 2013, yaani karibu dola za Marekani bilioni 45. Wakati wa janga la Uviko yaliporomoka, kisha yakapanda tena hadi pataka bilioni 227 hivi mwaka 2024, ambazo ni dola bilioni 28. Mwaka huo huo kasino za barabara kuu ya Las Vegas zilipata chini ya dola bilioni 9. Macau iliipita barabara hiyo tangu mwaka 2006, wala haijashikwa isipokuwa mwaka 2022, wakati wa janga. Kuiita kwa jina la ile ndogo ni kuipindua hesabu.

Tofauti kubwa zaidi iko katika tabia ya watu. Wengi wetu tumeijua Las Vegas kwa sinema: muziki, pombe za bure, vicheko, watu waliokwenda kusherehekea. Katika ukumbi wa kasino wa Macau nilikuta watu wanaokunywa chai na maji, waliovaa nguo za kawaida za safari, wengine wakiwa na umri wa kuitwa babu na bibi, wameinama juu ya meza kwa umakini wa wanafunzi katika chumba cha mtihani. Hakuna bendi, na karibu hakuna mazungumzo. Ukumbi wa hoteli ya Venetian, uliofunguliwa mwaka 2007, ni mkubwa kiasi kwamba ukisimama katikati huoni ukuta. Ghorofani kuna mifereji yenye mashua na dari iliyochorwa mawingu, na wageni wanapiga picha huko. Chini, kwenye meza, hakuna anayeinua macho.

Mchezo wenyewe, kwa sehemu kubwa kabisa, ni mmoja: bakarati. Zaidi ya robo tatu ya mapato ya kasino za Macau hutoka huko. Kanuni zake ni nyepesi. Kuna pande mbili, upande wa Mchezaji na upande wa Benki, na kila upande hupewa karata mbili, wakati mwingine tatu. Unaokaribia tisa zaidi ndio unaoshinda. Karata za picha na kumi huhesabiwa sifuri, ree huhesabiwa moja, na jumla ikizidi tisa hubakizwa tarakimu ya mwisho tu, kwa hiyo saba na nane ni tano. Anayeweka dau huchagua upande, au hubashiri sare, kisha hana uamuzi mwingine wowote.

Naomba nieleze mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, nilioutazama kwa karibu, kwa sababu ndio ulionionyesha mahali hapa ni pa namna gani. Mwanamume wa makamo alikuwa ameweka dau kubwa kuliko wote kwenye upande wa Mchezaji, na desturi ya meza inampa mwenye dau kubwa haki ya kufunua karata za upande wake. Ya kwanza aliifunua haraka. Ilikuwa karata ya picha, yaani sifuri. Ya pili hakuifunua. Aliilaza, akaibana kwa vidole gumba vyote viwili, akaanza kuikunja kutoka ubavuni, polepole, mpaka ukingo wa ule ubavu ukaonyesha alama tatu za pau. Alama tatu ubavuni maana yake ni sita, saba au nane, na tofauti kati ya hizo iko katikati ya karata, mahali ambapo bado hapajaonekana. Waliomzunguka walianza kuinuka vitini. Mmoja alipaza sauti kuiamrisha alama ya katikati ijitokeze. Karata iliendelea kukunjwa, na katikati yake ilikuwa nyeupe. Ilikuwa sita. Upande wa Benki ulikuwa na saba. Mgawa karata, msichana ambaye uso wake haukubadilika hata kidogo, alikusanya tokeni (vidude vinavyotumika mezani badala ya fedha) za watu sita au saba kwa mkono mmoja, akazitupa karata zile zilizokunjika katika chombo cha taka, maana hazifai kutumika tena, na mkono uliofuata ukaanza kabla yule mwanamume hajaketi vizuri. Kwa kukadiria rangi za tokeni zake, alipoteza katika dakika moja kiasi ambacho kwetu ni mshahara wa miezi kadhaa wa mtumishi wa kawaida.

Juu ya kila meza kuna kioo kinachoonyesha matokeo ya mikono iliyopita kwa duara nyekundu na za buluu, zikiwa zimepangwa kama barabara. Watu huzisoma barabara hizo na kuziandika kwenye kadi kwa kalamu ambazo kasino yenyewe inazigawa. Karata zilizotoka hazina namna yoyote ya maana ya kumwambia mtu zitakazofuata. Kasino inalijua hilo, na ndiyo iliyolipia vile vioo.

Nitaendelea na habari za mji wenyewe.

Msafiri wa Kariakoo

Nje ya kasino kuna mji wa zamani, na mtu wa pwani yetu akitembea humo hatajiona mgeni sana. Wareno walikaa Macau tangu mwaka 1557, na kwa muda mrefu waliitawala kutoka Goa, kama walivyoitawala Mombasa katika zama za Ngome ya Yesu. Juu ya kilima cha mji iko Ngome ya Monte, iliyojengwa na Wajesuti mwanzoni mwa karne ya 17, ikiwa na kuta nene na mizinga inayotazama mji na maji, na chini yake umesimama ukuta wa mbele wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo mwili wake uliungua mwaka 1835. Mwaka 1622 Waholanzi walijaribu kuuteka mji huo wakashindwa, na miongoni mwa waliowapiga walikuwamo Waafrika waliopelekwa huko na Wareno kama watumwa; baadhi yao waliachwa huru baada ya ushindi. Nilitamani pale ngomeni pawepo kibao kinachowataja kwa herufi kubwa. Karne tatu baadaye askari kutoka Msumbiji waliwekwa Macau kulinda bendera ya Ureno, na hata leo migahawa ya huko huuza kuku wanayemwita wa Kiafrika, aliyepikwa kwa pilipili, karanga na nazi. Aliyekulia kwenye kuku wa kupaka atautambua ukoo wake kwa harufu.

Kamari ilihalalishwa katika miaka ya 1840, na sababu ilikuwa njaa ya hazina. Waingereza walipoichukua Hong Kong mwaka 1842, bandari yake yenye kina kirefu iliivuta biashara ya meli, na Macau ikabaki na magati yasiyo na kazi. Serikali ya Kireno ikatafuta kodi mahali pengine. Kuanzia mwaka 1962 kampuni ya tajiri Stanley Ho ilishika haki ya pekee ya kuendesha kasino kwa miaka 40. China ilirudishiwa Macau Desemba 1999, na mwaka 2002 serikali mpya ikafungua mlango kwa makampuni mengine, yakiwamo ya Marekani. Kasino ya Sands ilifunguliwa mwaka 2004 na kurudisha gharama yake ya ujenzi ndani ya takribani mwaka mmoja. Leo wenye leseni ni makampuni sita, na kila kasino iko chini ya mojawapo ya hayo.

Jambo ambalo sikulitegemea ni maduka ya rehani. Karibu na hoteli ya Grand Lisboa yamefuatana mlango kwa mlango, na vioo vyake vimejaa saa za mkononi za bei kubwa, mikufu ya dhahabu na pete za ndoa. Nilisimama mbele ya kioo kimoja nikahesabu pete za ndoa hadi nikachoka. Biashara hiyo ni ya zamani. Duka moja la mwaka 1917, lenye mnara wa kuhifadhia amana za watu, sasa ni makumbusho. Lakini haya mapya yana kazi nyingine pia. Sheria za China bara zinaweka mipaka ya fedha ambazo raia anaweza kuzitoa nje, na kwa miaka mingi njia mojawapo ya kuikwepa ilikuwa kununua saa kwa kadi ya benki na kuirudisha dukani papo hapo kwa fedha taslimu, kwa hasara ya asilimia kadhaa. Mtu alikuwa ameshapoteza kabla hajaketi mezani.

Kwa matajiri njia ilikuwa madalali. Hawa walimleta mchezaji kutoka bara, wakamkopesha fedha, wakampangia chumba na chakula, kisha wakamdai deni akisharudi kwao, ambako mahakama hazitambui deni la kamari. Msomaji ataelewa mwenyewe deni lisilo na mahakama hudaiwa namna gani. Mwaka 2013 madalali wenye leseni walizidi 200, na vyumba vyao vya faragha vilileta sehemu kubwa ya mapato yote. Novemba 2021 mkubwa wao, Alvin Chau, alikamatwa, na Januari 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 18. Mfumo huo ulikatwa miguu, na wanaojaza kasino sasa ni watu wa kipato cha kati wanaocheza kumbi za wazi.

Hesabu Kwanza

Ndugu Msafiri, ahsante kwa uzi uliopangika. Nafundisha hisabati, na ningependa kuongeza upande wa namba, kwa sababu watu husikia kwamba bakarati ni mchezo wenye haki kuliko mingine na kudhani kuna nafuu ndani yake.

Ni kweli kwamba faida ya kasino katika bakarati ni ndogo: asilimia 1.06 ya dau upande wa Benki, baada ya kukatwa kamisheni ya asilimia 5 unaposhinda, na asilimia 1.24 upande wa Mchezaji. Ruleti (mchezo wa gurudumu) ya Marekani yenye sifuri mbili humkata mchezaji asilimia 5.26. Lakini asilimia hiyo hukatwa kwenye kila mkono, na bakarati huenda mbio. Chukua mtu anayeweka dola 500 za Hong Kong kwa mkono, mikono 60 kwa saa. Katika saa moja amepitisha mezani dola 30,000, na kwa wastani kasino imebaki na dola 350 hivi kati ya hizo. Akikaa saa kumi, kama ulivyosema kwamba watu hukaa kwa umakini wa mtihani, wastani ni dola 3,500, ingawa yeye mwenyewe atakumbuka tu ile mikono mitano mfululizo aliyoshinda. Dau la sare, ambalo hulipa nane kwa moja na ndilo linalovutia macho, humkata zaidi ya asilimia 14. Hesabu hii haihitaji udanganyifu wowote wa kasino. Karata ni safi, mgawaji ni mwaminifu, na mchezaji anaondoka mikono mitupu.

Binti Makunduchi

Kaka Msafiri, kichwa cha uzi kinataja uzio, na mpaka sasa umetueleza meza, historia na rehani. Wenyeji wa Macau wao wako wapi katika habari hii? Wanacheza, au wanatazama wageni wakicheza?

Msafiri wa Kariakoo

Dada, hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi, na nakushukuru kwa kunirudisha.

Serikali ya Macau inaishi kwa kamari kuliko serikali nyingine yoyote. Inachukua asilimia 35 ya mapato ghafi ya kasino, na michango ya lazima ikiongezwa inafika asilimia 40. Kabla ya janga, fedha hizo zilikuwa karibu nne ya tano ya mapato yake yote. Kwa fedha hizo serikali imejenga shule na hospitali, na tangu mwaka 2008 inawapa wakaaji wa kudumu mgao wa fedha kila mwaka, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa pataka 10,000, yaani zaidi ya dola 1,200. Mtu angetarajia kwamba serikali ya namna hiyo itaisifia kamari kwa watoto wake. Inafanya kinyume kabisa.

Mtumishi wa umma haruhusiwi kuingia kasino kucheza, isipokuwa siku tatu za mwanzo wa mwaka mpya wa Kichina. Tangu Desemba 2019 katazo kama hilo linawahusu pia wafanyakazi wa kasino: yule msichana mgawa karata niliyemweleza hapo juu, akivua sare yake, hawezi kurudi ukumbini akae upande wa pili wa meza. Umri wa kuingia ulipandishwa mwaka 2012 kutoka miaka 18 hadi 21. Kumbi ndogo za mashine za kamari zilizokuwa chini ya nyumba za watu ziliamriwa ziondoke katika mitaa ya makazi. Mtu anayejiona ameshindwa kujizuia anaweza kuandika barua ya kuomba afungiwe milango ya kasino zote, na ndugu zake nao wanaweza kumwombea kwa ridhaa yake. Sheria ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha meza 6,000 na mashine 12,000 kwa jiji zima, na makampuni sita, ili yapewe leseni za miaka kumi kuanzia 2023, yalilazimika kuahidi zaidi ya pataka bilioni 100 kwa mambo yasiyo ya kamari, kama makumbusho, michezo na mikutano. Wakati huo huo kazi ya kugawa karata imewekwa kwa ajili ya wenyeji peke yao. Mgeni hapewi.

Ukiyaweka pamoja haya, utaona fikra moja iliyo nyuma yake. Watawala wa Macau hawana shaka yoyote kuhusu kamari humfanya nini mtu, kwa sababu wamekaa nayo zaidi ya miaka 170. Wameiweka nyuma ya milango inayohesabika, wakamsimamisha mlinzi mlangoni, wakawaajiri watoto wao ndani, na wakawakataza kucheza. Niliyoyaona mitaani yanalingana na hilo. Katika mitaa ya kaskazini karibu na mpaka, ambako wenyeji wengi wanaishi katika majengo marefu yaliyobanana, sikuona tangazo hata moja la kamari. Niliona maduka ya dawa, shule, mafundi pikipiki na wazee wakicheza sataranji ya Kichina bustanini bila dau.

Mzee wa Kigamboni

Kijana, umeandika vizuri, lakini naona umeupamba uzio huo kupita kiasi. Uzio unaomlinda mtoto wangu na kumtupa shimoni mtoto wa jirani hauwezi kuitwa hekima. China bara imepiga marufuku kamari kwa watu wake, isipokuwa bahati nasibu za serikali, halafu inawapa vibali vya kupita Gongbei kwa mamilioni kwenda kucheza hatua chache kutoka mpakani. Pete za ndoa ulizozihesabu dirishani ni za nani? Si za wenyeji wa Macau.

Msafiri wa Kariakoo

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na siipingi. Mgao wa pataka 10,000 unatoka mfukoni mwa watu ambao hawataupata kamwe, na kadiri wenyeji wanavyolindwa ndivyo mzigo unavyoelemea upande wa pili wa lango. Ningeongeza kundi jingine ambalo halipo ndani ya uzio wala nje yake. Macau ina wafanyakazi wa kigeni wapatao 180,000, kutoka China bara, Ufilipino, Vietnam na kwingineko, ambao wanafagia vyumba, wanapika, wanajenga na kulinda milango. Hawana ukaaji wa kudumu na hawapati ule mgao. Mwaka 2022, mipaka ilipokuwa imefungwa na mapato ya kasino yakashuka hadi pataka bilioni 42, wenyeji walisaidiwa kutoka katika akiba ya serikali, lakini wafanyakazi wa kigeni walipungua kwa makumi ya maelfu, maana kibali cha kazi kikiisha, mtu hana budi kuondoka. Nilizungumza na mama mmoja wa Kifilipino katika foleni ya basi, ambaye alirudishwa kwao wakati ule na akarejea mambo yalipotulia. Aliniambia amefanya usafi katika hoteli za kasino kwa miaka mingi na hajawahi kuweka dau hata moja, kwa sababu ameona vyumba vya walioshindwa vinavyoachwa asubuhi.

Kwa hiyo siupambi uzio. Ninachosema ni kwamba upo, umeandikwa katika sheria, na aliyeuweka ni yule anayefaidika na kamari kuliko mtu yeyote. Huo ni ushahidi wa aliye ndani ya biashara, na kwangu mimi una uzito kuliko maoni ya mtu wa nje.

Fundi Simu Mwanza

Wakuu, nimesoma yote kimya kimya, na naona ndugu Msafiri ametueleza ya Macau kwa kirefu, lakini kwetu hakufika. Mimi natengeneza simu. Vijana wanaoniletea simu zao, walio wengi nikiziwasha nakuta programu za kubeti, na wengine wanauza simu yenyewe ili walipe deni la mkeka uliochanika, yaani dau walilopoteza. Umri wa kisheria hapa ni miaka 18. Je, kuna lolote la Macau linaloweza kufanya kazi kwetu?

Msafiri wa Kariakoo

Ndugu Fundi, nitajibu kwa tahadhari, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa wala si mtunga sera.

Kinga zote za Macau zinategemea mlango. Mlinzi anatazama sura na kitambulisho, saa zinapita, mtu analazimika kuvaa viatu, kupanda basi na kuonekana na wenzake. Kamari ya simu imeuondoa mlango huo, na kijana anaweza kuweka dau akiwa kitandani saa nane usiku kwa fedha za simu ambazo mama yake amemtumia za nauli. Macau yenyewe haikutoa leseni za kasino za mtandaoni kwa makampuni yake sita, na nadhani sababu ni hiyo hiyo.

Hata hivyo yapo mawili ambayo hayahitaji mlango. La kwanza ni ile barua ya kujifungia. Kama namba ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, inawezekana mtu akaomba mara moja afungiwe na makampuni yote ya kubeti nchini, badala ya kufuta programu moja jioni na kupakua nyingine asubuhi. La pili ni matangazo. Nimetembea Macau, jiji lililojaa kasino, nikiona matangazo ya hoteli, ya matamasha na ya migahawa, lakini sikuona mchezaji wa mpira akimwambia kijana aweke dau. Sheria yao ya matangazo hairuhusu kamari kuwa ndiyo ujumbe mkuu wa tangazo. Sisi tunaamka na tangazo la kubeti redioni na kulala nalo kwenye televisheni, likiwa limebandikwa hadi kwenye jezi za timu tunazozipenda. Hilo linanichoma moyo, na nalisema bila kuficha. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, wabunge wapo, na mabadiliko ya namna hiyo hayahitaji ujenzi wala mkopo.

Mama Mzigo

Kaka Msafiri, mimi nakwenda Guangzhou kufunga kontena, na nimevutiwa na ule mji wa zamani, si kasino. Naomba unisaidie mambo ya safari: viza, fedha, na kama inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Msafiri wa Kariakoo

Dada, inawezekana kabisa. Panda treni ya asubuhi, na ukivuka Gongbei usipande basi la kasino. Chukua basi la kawaida la mjini hadi Uwanja wa Senado, ule uliotandikwa mawe madogo meusi na meupe kwa michoro ya mawimbi. Kutoka hapo Kanisa la Mtakatifu Paulo, Ngome ya Monte na makumbusho ya duka la rehani yote yako karibu kwa miguu, na Hekalu la A-Ma, ambalo ni la kale kuliko Wareno, liko kusini zaidi, mwendo mfupi wa basi. Fedha ya huko ni pataka, lakini dola za Hong Kong hupokelewa kila mahali, na mezani katika kasino ndizo zinazotumika. Pataka ukibaki nazo zitakusumbua kuzibadilisha ukisharudi bara, kwa hiyo zimalize kabla hujavuka.

Kuhusu viza kuwa makini sana. Macau ni sehemu ya China, lakini ina uhamiaji wake, na masharti yake kwa pasi yako uyathibitishe kabla ya kusafiri. Lililo muhimu zaidi ni viza ya China bara: ukivuka kuingia Macau unahesabiwa umetoka nchini. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi tangu ukiwa Dar es Salaam, kwa sababu ukitoka Gongbei kwa viza ya kuingia mara moja, hutaruhusiwa kurudi Guangzhou na kontena lako litafungwa bila wewe.